Uhakiki wa Daftari Lililounganishwa

Katika lugha yetu neno uhakiki linafanya kazi mbili. Tulipokuwa Chuo cha Ualimu Katoke, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mkufunzi alitufundisha kwamba kuhakiki ni kuisoma kazi ya mtu kwa makini, kutaja uzuri wake bila wivu na kasoro zake bila woga. Sasa nimestaafu, na neno lilelile limenirudia na maana nyingine. Mstaafu akisikia "uhakiki" anajua kwamba anatakiwa kuthibitisha kuwa bado yu hai. Siku hizi mjukuu wangu hunishikia simu mbele ya uso, nami hutulia kama mtu anayepigwa picha ya kipaimara. Hapo mimi ndiye ninayehakikiwa.

Leo naomba kugeuza kibao kidogo. Nataka kuhakiki, kwa maana ile ya chuoni, kazi moja kubwa ambayo watu wengi wameizungumzia kwa hasira na wachache wameisoma kwa makini: kazi ya kuunganisha madaftari pale taasisi kadhaa zinapofanywa kuwa moja. Sitaanza na kosa la wengine. Nitaanza na la kwangu.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Katika kiwanja chetu kulikuwa na shule mbili, yetu na ya jirani, zilizogawanywa wakati wa Elimu kwa Wote, watoto walipokuwa wengi kuliko madarasa. Ikaamuliwa ziwe moja tena, nami nikapewa ukuu wa shule iliyounganishwa. Madawati tulihesabu siku moja tukamaliza. Vitabu tulihesabu siku mbili. Rejesta za wanafunzi zilituchukua mwezi mzima, na ndipo nilipokosea.

Tuligundua kwamba baadhi ya wazazi, kwa kutojua au kwa tamaa ya vitabu, walikuwa wamemwandikisha mtoto mmoja katika shule zote mbili. Nikatoa amri iliyoonekana ya busara: jina likifanana, jina la baba likifanana na darasa likifanana, huyo ni mtoto mmoja, libaki jina moja, la pili lifutwe. Wakati ule kufuta kulikuwa ni kukwangua wino kwa wembe mpaka karatasi iwe nyeupe. Mwalimu mwenzangu alikwangua vizuri sana, nami nikamsifu kwa usafi wa kazi.

Katika Darasa la Sita walikuwamo wasichana wawili wenye jina moja la ubatizo, jina moja la Kihaya, na baba wenye majina yanayolingana. Mmoja alitoka huku juu mlimani, mwingine alitoka chini ziwani. Yule wa ziwani alikuwa mgonjwa, hakuwapo shuleni kwa majuma mengi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mwaka uliofuata, orodha ya watahiniwa wa Darasa la Saba ilipokwisha kupelekwa wilayani, alitokea yeye na mama yake. Jina lilikuwapo, lakini lilikuwa la mwenzake. Nilikwenda wilayani mara mbili kwa baiskeli, nikaambiwa orodha imefungwa. Alifanya mtihani mwaka mmoja baadaye.

Mama yule hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu Mkuu, mlipolifuta jina la mwanangu, mlimuuliza nani?" Sikuwa na jibu. Nilifungua rejesta kutafuta ushahidi wa kumwonyesha, nikakuta mahali pale ni peupe. Wembe ulikuwa umeondoa jina, na pamoja na jina umeondoa hata alama kwamba palikuwa na jina.

Tangu siku ile, kila nisikiapo kwamba taasisi mbili zinaungana, mimi husikiliza kitu kimoja tu: madaftari yao yatafanywaje?

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya shule za vijijini tu. La hasha. Mwaka 1998 makampuni mawili makubwa ya ukaguzi wa hesabu duniani, Price Waterhouse na Coopers & Lybrand, yaliungana kuwa PricewaterhouseCoopers. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1987, ilikuwa imezaliwa KPMG kwa njia hiyohiyo, na mwaka 1989 ikazaliwa Ernst & Young. Hawa ndio watu wanaolipwa kukagua vitabu vya wengine, nao pia iliwapasa kuunganisha vitabu vyao wenyewe.

Fikiri jinsi kazi hiyo ilivyo. Kampuni ya namna hii haina ghala la mali. Mali yake ni watu wake na majalada ya wateja wake. Mteja mmoja yumo katika madaftari ya pande zote mbili, kwa jina fupi upande huu na kwa jina kamili upande ule. Huku amehesabiwa kwa saa zilizotumika, kule kwa kazi iliyokamilika. Kibaya zaidi, wateja wawili wanaoshindana sokoni, kila mmoja aliyempa mkaguzi wake siri zake, sasa wanajikuta katika masjala moja. Ukichanganya majalada yao bila ukuta katikati, umevunja uaminifu wa wote wawili. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kuunganisha ni kumwaga magunia mawili ya kahawa katika pipa moja. Hata mkulima wa hapa Kashozi, kabla ya kumwaga, huangalia kama ni maganda au ni kahawa safi.

Sasa nije nyumbani. Mfano mkubwa kabisa tulio nao hapa Tanzania ni wa mifuko ya pensheni. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo mifuko minne iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, kwa ajili ya watumishi wa umma. Mifuko hiyo ni PSPF, LAPF, PPF na GEPF. NSSF ikabaki kwa ajili ya sekta binafsi. Kila mmoja wa wale wanne alikuwa na nasaba yake. GEPF mizizi yake ni sheria ya mwaka 1942, na LAPF ya mwaka 1944, enzi za Mwingereza. PPF ilianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya mashirika ya umma. PSPF ilianza kazi mwaka 1999 kwa watumishi wa serikali, tukiwamo sisi walimu.

Uzuri wa kazi hii nautaja kwanza, kama nilivyofundishwa. Mifuko minne ilikuwa na wakurugenzi wanne, bodi nne, majengo manne na madaftari manne, na yote haya yalilipiwa na michango ya wanachama. Mtumishi aliyehama kutoka shirika kwenda halmashauri alikuwa akihama pia mfuko, na utumishi wake unabaki vipande vipande. Kuunganisha kulikuwa na haki yake. Nami sina dai binafsi: pensheni yangu huingia. Lakini kazi nzuri ndiyo inayostahili kuhakikiwa. Mbovu huhakikiwa na mvua.

Kasoro ya kwanza ninayoiona ni ya majina na tarehe. Wataalamu wa kompyuta wanapounganisha madaftari hutafuta kitu kimoja cha kumtambulisha mtu, nao siku hizi hupenda namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Ni wazo zuri kwa kijana aliyezaliwa hospitali. Lakini sisi wa Buhaya tuliozaliwa kibanjani tuna historia nyingine. Zamani kwetu kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi moja. Kisha akaja karani wa Kiswahili, akasikia Mutalemwa akaandika Mtalemwa. Akaja wa tatu asiyejali tofauti ya R na L, akaandika Mutaremwa. Mtu ni mmoja, kibanja ni kimoja, lakini katika daftari wamezaliwa watu watatu. Tarehe nayo vivyo hivyo: moja imetoka kwenye cheti cha ubatizo, nyingine mwalimu wa Darasa la Kwanza aliikadiria kwa kuangalia meno.

Mashine haina kosa hapa. Inafanya kile nilichofanya mimi mwaka 1996, ila kwa kasi: yanayofanana inayafanya kuwa kitu kimoja, na yasiyofanana inayatenga. Kosa ni la mtu anayeamini kwamba kufanana kwa maandishi ni kufanana kwa watu.

Kasoro ya pili ni ya maana ya maneno, na hii ndiyo iliyowasha moto nchi nzima. Madaftari yote manne yalikuwa na safu iliyoandikwa "mkupuo". Neno ni moja, lakini maana si moja. Kwa wanachama wa PSPF na LAPF wa zamani, mkupuo ulikuwa asilimia 50 ya pensheni, ikizidishwa kwa 15.5, na utumishi uligawanywa kwa 540. Kwa wengine ulikuwa asilimia 25, ikizidishwa kwa 12.5, na utumishi uligawanywa kwa 580. Kanuni za mwaka 2018 zikataka wote wafuate hesabu hii ya pili.

Niruhusu, ndugu msomaji, nichukue chaki. Tuseme mwalimu ametumikia miezi 360, na mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya kwanza, pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 8,000,000. Nusu yake ikizidishwa kwa 15.5 inampa mkupuo wa shilingi 62,000,000, na kila mwezi atapokea kama 333,333. Kwa hesabu ya pili, pensheni ya mwaka ni shilingi 7,448,276. Robo yake ikizidishwa kwa 12.5 ni mkupuo wa shilingi 23,275,862, na kila mwezi atapokea 465,517. Mtu ni yuleyule, miezi ileile, mshahara uleule. Ndiyo, fedha ya mwezi imepanda. Lakini aliyepanga miaka thelathini kujenga nyumba kwa milioni 62 hawezi kuezeka kwa milioni 23.

Wafanyakazi walilalamika, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kwamba kila mmoja aendelee kulipwa kwa hesabu ya mfuko wake wa awali hadi mwaka 2023. Mwaka 2022 ikaja hesabu moja kwa wote, mkupuo wa asilimia 33. Kisha katika bajeti ya Juni 2024 ikatangazwa kwamba waliokuwa katika kundi la asilimia 50 wapandishwe hadi asilimia 40, na waliokuwa katika kundi la asilimia 25 wapandishwe hadi asilimia 35.

Tazama vizuri jambo hili, maana wengi walibishana juu ya asilimia wakaacha kuona daftari. Miaka sita baada ya kuunganishwa, ili mtu alipwe haki yake, bado ilikuwa lazima kujua alitoka mfuko gani. Kama karani mmoja, kwa kupenda usafi kama mimi, angekuwa amekwangua safu ya "mfuko wa awali" kwa kuwa mifuko hiyo haipo tena, mwaka 2024 asingeweza kujua nani anastahili 40 na nani 35. Hii ndiyo hoja yangu kubwa katika makala hii: daftari lililounganishwa halina budi kukumbuka kila mstari wake ulitoka wapi. Umoja wa taasisi haufuti asili ya kumbukumbu zake.

Kwa upande wetu sisi wazee jambo hili lina uzito wa pekee. Niliajiriwa Julai 1973 na kustaafu Julai 2010. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali wa masharti ya kudumu hakuwa akichangia. Pensheni ilikuwa ahadi ya Hazina. Kwa hiyo ukifungua daftari la michango, miezi yangu 312 ya kwanza ni safu tupu. Ukifungua jalada la utumishi, miezi hiyohiyo imejaa: barua ya ajira, uthibitisho, uhamisho, kupandishwa cheo. Anayeunganisha kwa kutazama daftari la michango peke yake ataniona mtumishi wa miezi 132. Anayesoma yote mawili ataona miezi 444. Ile safu tupu inasema kwamba serikali inadaiwa, na wala haisemi kwamba sikufundisha. Na deni hilo halikuwa dogo: Desemba 2021 Serikali iliipa PSSSF hati fungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17, kupunguza deni la watumishi wa kabla ya mwaka 1999. Trilioni hizo zilitokana na safu tupu kama yangu. Kumbe katika daftari hata mahali patupu pana habari yake, mradi yupo anayejua kupasoma.

Kasoro ya tatu ni ya nani abebe mzigo wa ushahidi. Katika nchi yetu, madaftari yasipokubaliana, anayeitwa ni mwanachama. Alete barua ya kwanza ya ajira, alete hati za malipo, alete kiapo cha majina. Mwalimu aliyehamishwa mara saba, ambaye paa lake limevuja mara kumi, aje na karatasi ya mwaka 1973, na ofisi yenye masjala, makarani na makabati imngojee. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nakubali. Lakini daftari lilikuwa la nani? Sisi hatukupewa kulishika, tulipewa kulitii. Kwa hiyo aliyelishika ndiye aliyepaswa kuhakikiwa kwanza.

Hapo ndipo ninapoona maana mbili za neno letu zimetengana vibaya. Tunahakiki wastaafu kila mwaka. Daftari lenyewe tumelihakiki mara ngapi, kwa kumpelekea kila mwanachama ukurasa wake na kumwambia: soma, hivi ndivyo tulivyokuandika baada ya kuunganisha, je, ndiwe?

Najua nitaambiwa kwamba ni rahisi kwa mzee kukosoa. Basi nionyeshe mfano, nao hauko mbali. Hapa Kashozi, ambapo Mapadri Weupe walifungua mwaka 1892 misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Buhaya, nimeishi maisha yangu yote na utaratibu wa kitabu cha ubatizo. Kila aliyebatizwa ana mstari wake, na pembeni mwa mstari pameachwa nafasi, yaani pambizo. Akipata kipaimara, huandikwa pambizoni. Akifunga ndoa, hata kama ni parokia ya mbali, taarifa hurudishwa kwenye parokia alikobatizwa ikaandikwa palepale. Mtu anaweza kuhama mara kumi. Mstari wake wa kwanza hauhami, wala haufutwi na habari mpya. Mwenye imani nyingine anaweza kuutazama utaratibu huu kama kazi ya masjala tu, na bado atakuta ndani yake mambo matatu niliyoyakosa mwaka 1996. Mstari wa asili haufutwi. Kila nyongeza inajulikana ilitoka wapi. Na mahali pa kuandika marekebisho pameandaliwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa waliobuni kitabu kile walijua kwamba maisha ya mtu hayaishii kwenye mstari mmoja.

Walimu wakuu wa zamani nao walikuwa na kanuni ya namna hiyo, nami niliijua ila siku ile nikaipuuza: katika rejesta usikwangue, piga mstari mmoja wa wino mwekundu, jina lisomeke chini yake, andika sahihi na tarehe. Kanuni hiyo ingemwokoa binti wa ziwani. Mama yake angeuliza, nami ningefungua ukurasa na kumwonyesha: hapa, siku fulani, mimi ndiye niliyekosea. Ingenitia aibu, lakini ingechukua dakika tano, wala isingechukua mwaka. Wakubwa wa dunia nao wamejifunza somo la wembe kwa njia yao. Kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen ilipatikana na hatia mwaka 2002 juu ya kuharibiwa kwa nyaraka za Enron. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuikimbia.

Kwa hiyo wale watakaounganisha taasisi nyingine kesho, ziwe benki, vyama vya ushirika, au makampuni ya mawakili na wahasibu, nawaomba mambo machache. Kabla ya kuunganisha, wakae makarani wa pande zote mbili meza moja wakubaliane kila neno la safu lina maana gani kwao. Majina yanayofanana yasiunganishwe na mashine peke yake bila mtu kuuliza. Daftari la zamani lifungwe, lakini litunzwe mahali linaposomeka. Na kila aliyeandikwa apelekewe ukurasa wake ausome.

Yule binti nilimwona mwaka juzi sokoni Bukoba. Ni mama wa watoto wanne, anauza dagaa kwa jumla, naye alinisalimu kwa heshima zote: "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Katika mkoba wake alikuwa na kijitabu cha madeni ya wateja. Nilimwomba nikitazame, akacheka akanipa. Waliolipa hakuwafuta. Amewapigia mstari mmoja, na tarehe pembeni.